Chokoleti ya Mama Careen

Kwa ukoo wa kina Beda mke hazikwi hivi hivi. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mume huketishwa mbele ya shemeji zake aeleze ugonjwa: ulianza lini, ulitibiwa wapi, mgonjwa alikuwa akila nini, akimeza dawa gani, na neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Wenyewe husema hiyo si kesi, ni utaratibu tu. Lakini ukimwona mwanamume mzima amekalishwa kwenye kigoda, kofia mkononi, wake kwa waume wamemkodolea macho, utajiuliza kesi yenyewe ikoje kama hiyo si kesi.

Asubuhi ile ya baridi ya mwezi wa sita, pale Bombambili, Songea, aliyekalishwa kwenye kigoda uani alikuwa mzee Fransisko. Mkewe Kunegunda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Careen, alikuwa amelala sebuleni ndani ya jeneza alilolichonga Fransisko mwenyewe. Useremala alifundishwa ujanani na watawa wa Hanga, na katika maisha yake alikwisha kuichongea majeneza nusu ya mtaa. Hakuona kwa nini mkewe alazwe kwenye mbao zilizopigwa randa na mtu mwingine. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka gundi.

Shemeji zake hakuwaogopa. Aliyemwogopa ni mmoja tu, binti yake Careen, aliyeketi mkekani ubavuni mwa mama yake mdogo Rosemary, macho yamevimba kwa kulia na kwa safari ya basi kutoka Dar es Salaam. Kuhusu kifo kile kulikuwa na jambo ambalo Fransisko alilijua na Careen hakulijua, na mzee alikuwa amekwisha kuapa moyoni kwamba atakwenda nalo kaburini. Jambo lenyewe lilianza na chokoleti.

Kunegunda alikuwa na presha ya siku nyingi, ile ya kupanda. Kila mwezi alikwenda kliniki, akapimwa, akapewa vidonge, akarudi analalamika kwamba vinamkausha mdomo na kumtoa kitandani kwenda haja kila mara. Careen alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya novena nyingi na machozi mengi, na huko Dar alikuwa keshia kwenye supamaketi. Presha ya mama yake ilimkosesha raha yeye kuliko ilivyomkosesha raha mwenye presha.

Siku hizi simu zimegeuka waganga. Ukifungua asubuhi unaambiwa tangawizi inatibu hiki, ukifungua jioni kitunguu saumu kinatibu kile, na katikati yupo mtu anakutaka ufunge kula kabisa. Lakini hili la chokoleti Careen hakulibeba kijuujuu. Alisoma, akauliza, akamngoja daktari mmoja mteja wao pale dukani akamsumbua kwa maswali mpaka foleni ikaguna. Akaambiwa ni kweli, lakini si hizi za watoto zilizojaa sukari na maziwa. Ni ile nyeusi, yenye kakao tupu. Inalegeza mishipa ya damu, inausaidia moyo, inamchangamsha mtu, na presha nayo inaishusha kidogo. Hilo neno kidogo ndilo lililobaki Dar. Mzigo ulipofika Songea ulifika bila lenyewe.

Fransisko ndiye aliyekwenda kuupokea stendi. Boksi lilikuwa limefungwa kwa gundi ya karatasi kila upande, Careen kwa kufunga hajambo. Jioni wakampigia simu, sauti wakaiweka kubwa ili wote wasikie. Careen alieleza faida zote hizo kwa furaha ya mtu aliyepata, na mwisho, kwa kutania, akaigiza sauti ya nesi. "Haya, Mama Careen," alisema. "Kipande kimoja kutwa mara mbili."

Fransisko alicheka. Kunegunda hakucheka. Alimega kipande, akakitia mdomoni, akakunja uso mpaka macho yakapotea, kisha akamgeukia mumewe na kusema kwamba hii ni dawa kweli. Usimlaumu. Katika maisha yake kila kilichowahi kumponya kilikuwa kichungu: mwarobaini, klorokwini za zamani zile, mizizi ambayo bibi yake kule Madaba alikuwa akiichemsha na kumbana pua anywe. Vitamu vilikuwa vya watoto na wageni. Mtoto wake msomi alikuwa ametuma kitu kichungu, akakitajia na kipimo. Kama hiyo haikuwa dawa, basi hakuna dawa.

Na dawa hazichanganywi. Hilo kila mtu analijua, tangu enzi za mababu. Ukinywa ya mganga unaweka pembeni ya hospitali, ukirudi hospitali unamwaga ya mganga, maana mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi Kunegunda akaweka vidonge pembeni amalize kwanza dozi ya mwanawe. Kliniki aliendelea kwenda, kwa kuwa hakutaka kumuudhi nesi, akapokea vidonge, akashukuru, akaja navyo nyumbani na kuvitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa uvunguni mwa kitanda.

Fransisko aliliona kopo. Alisema mara moja tu, kwamba isije ikawa vidonge navyo vinatakiwa. Kunegunda akamuuliza kwani yeye na Careen nani amesoma. Mzee akanyamaza, kwa sababu naye aliamini hivyo hivyo, na kwa sababu ndoa ndefu humfundisha mwanamume kunyamaza mapema. Tena siku zile mkewe alikuwa mzima. Kichwa kiliacha kumgonga, alikwenda mazoezi ya kwaya, alipukuchua mahindi huku anaimba sauti ya pili. Wakati mmoja Fransisko alinyoosha mkono aonje hiyo chokoleti inayofanya maajabu, akapigwa kofi la vidole. "Baba Careen," mkewe alimwambia, "dawa ya mtu hailambwi na mwenzake." Hakuionja siku hiyo, wala siku nyingine.

Mzigo ulipokaribia kwisha, Careen alituma mwingine. Kila alipopiga simu aliuliza kama mama anaendelea na chokoleti. Mama alijibu anaendelea, hajaruka hata siku. Careen akafurahi. Vidonge hakuviuliza, maana mtu hamuulizi mwenzake kama bado anapumua.

Kunegunda alianguka uani, juu ya mahindi yake, mdomo umekwenda upande. Hospitali walisema ni kiharusi. Daktari, kijana mpole, alimuuliza Fransisko kuhusu vidonge, na Fransisko akamwambia yote, kopo na chokoleti. Daktari alitikisa kichwa polepole. Akasema chokoleti haina kosa, mzee. Ingemsaidia kama nyongeza, kosa ni kuacha vidonge. Kunegunda alifariki kesho yake mchana, Careen akiwa bado anahangaikia tiketi. Na Fransisko, akiwa amesimama pale koridoni, kilio hakijamtoka bado, wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mkewe. Lilikuwa: mtoto akijua hili, litamuua.

Alikuwa anamjua mtoto wake. Careen alipokuwa darasa la pili alipewa kazi ya kufunga banda la kuku. Jioni moja akasahau, na kicheche akamchukua kuku mwekundu aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wote. Kwa mtoto mwingine yangekuwa machozi ya asubuhi moja. Careen alikaa kwenye mlango wa banda, akakataa uji, akakataa wali, mpaka homa ikampanda. Ndipo Kunegunda alipochuchumaa mbele yake akamwambia kwamba yule kuku alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa sana, na hata banda lingefungwa angekufa tu. Mtoto akamtazama, akaomba uji. Fransisko, aliyelelewa karibu na watawa na akautia moyoni ukali wao, alimfokea mkewe jikoni kwa kumdanganya mtoto. Kunegunda alikuwa anakoroga ugali, hata hakugeuka. "Uongo huu nitauungama mwenyewe Jumamosi," alisema. "Wewe mwache mtoto ale."

Sasa aliyesema hayo alikuwa sebuleni, mikono imefungwa kwa rozari, na hakukuwa na mwingine wa kuchuchumaa.

Beda, kaka mkubwa wa marehemu, alikohoa na kumtaka shemeji yake aeleze. Fransisko akaeleza. Alianza na presha ilivyogundulika, akaja kwenye kliniki, akaeleza mkewe alivyoanguka, walivyompakia kwenye bajaji, alivyolala hospitali asiseme neno. Alikuwa amejipanga kusema kwamba vidonge alikuwa anameza kila siku na kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Neno la vidonge lilipomtoka tu, Rosemary akainuka mkekani, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa. Alilikuta asubuhi hiyo wakati wa kutoa godoro. Akalimwaga katikati ya watu. Pakiti zikatapakaa mkekani, zote nzima, hakuna hata moja iliyotobolewa.

"Shemeji," Beda alisema. "Hivi ni nini?"

Careen aliokota pakiti moja, akaigeuza, akasoma tarehe. Nyusi zake zilikutana katikati, kama za mama yake alipokuwa akihesabu vishono vya fulana. Fransisko aliziona zile nyusi. Akili ya mtoto ilikuwa imeanza safari, na safari yenyewe haikuwa ndefu: sekunde chache tu ingefika kwenye kipande kimoja kutwa mara mbili. Ilibidi amkatie njia.

"Niliyemwachisha vidonge ni mimi," alisema. "Niliona vinammaliza nguvu. Nikamwambia aache, naye akanitii."

Watu waliguna. Careen aliinua uso. "Na chokoleti, baba? Si alikuwa anakula chokoleti niliyotuma?"

"Hakula, mwanangu. Nilikuwa nakula mimi." Mzee aliisikia sauti yake mwenyewe ikiendelea, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya uongo, akautia chumvi ili ukolee. "Ilikuwa tamu sana. Ikanishinda. Nilikuwa namwambia aseme kwenye simu kwamba anakula yeye, usije ukaacha kutuma. Utamu wake ule, hata ningekatazwa na padri nisingeacha."

Careen alimtazama baba yake kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Kisha akainamisha kichwa. Fransisko alimsoma hivi: amekwisha kunichukia. Iliuma kuliko alivyodhani itauma, na alikuwa amedhani itauma sana.

Beda si mtu wa kupiga kelele. Alisimama, akavuta koti lake la baridi, akasema ukoo umesikia, mengine yatazungumzwa baada ya kuzika. Lakini udongo wa kwanza shemeji hataurusha. Aliyemnyima mgonjwa dawa akamlia na chakula chake hana mkono wa kumfukia. Wazee wakaitikia kwa kutikisa vichwa, wanawake wakaitikia kwa kuangalia pembeni. Careen hakumtetea.

Makaburini Fransisko alisimama nyuma ya watu, pamoja na majirani waliokuja kwa kupita. Aliona jeneza lake likishuka. Upande wa miguuni kulikuwa na kifundo kwenye ubao alichokuwa amekilainisha kwa msasa kwa muda mrefu, kwa sababu Kunegunda hakupenda kitu chenye kukwaruza. Alimsikia katekista akisoma, akamwona Beda akiinama na kuchota udongo. Mikono yake mwenyewe hakujua aiweke wapi. Alilia kwa kujificha, kama mwizi, na alijua waliomwona walidhani analilia aibu.

Na jambo moja lilimtafuna ambalo hakuweza hata kumwambia padri kwa ufasaha. Uongo ule haukuwa uongo mtupu. Kweli hakumwachisha mkewe vidonge, ila aliliona lile kopo, akasema mara moja tu, akanyamaza. Kwa hiyo alipokaa kwenye kile kigoda cha lawama hakujiona kama shahidi wa imani anayeonewa. Alijiona kama mtu aliyekaa karibu kabisa na mahali pake.

Siku za matanga zilipita kwa shida. Chakula alikipata kupitia mkono wa Rosemary, na Rosemary alikiweka chini akaondoka bila kumnawisha. Mjini maneno hayalali, hata watoto wa mtaani wakampa jina, Baba Chokoleti, wakawa wanalitamka akiwa ameshapita. Asubuhi Careen alimwamkia shikamoo baba, akaitikiwa marahaba mwanangu, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya kutwa. Mzee alihamia kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, akawa anatengeneza viti vya watu ambavyo hakuna aliyevihitaji haraka. Mara nyingine aliinua uso akamwona Careen amesimama dirishani mwa chumba cha mama yake, anamtazama, na kabla hajajua aseme nini pazia likashuka. Alijiambia potelea mbali, anakula. Alikuwa anamchungulia wakati wa chakula, na kila alipomwona anapeleka tonge mdomoni alipata nguvu ya kuupita mchana mwingine. Chuki dhidi ya baba mtu anaweza kuishi nayo na kufika uzeeni. Ile ya kujichukia mwenyewe hapana.

Matanga yakaanuliwa, misa ikasomwa, ukoo wa Beda ukaondoka bila kumpa mkono. Asubuhi ya safari, Careen alikuja karakana, begi begani, ametangulia kumtafuta dereva wa bodaboda ambaye alikuwa akingoja barabarani. Alisukuma maranda pembeni kwa kiatu, akaketi kwenye gogo lililoelekeana na benchi la baba yake. Akafungua begi na kutoa chokoleti moja, ile ile yenye karatasi nyeusi.

Alisema aliinunua wiki ile ile ya msiba, alikuwa anatafuta basi la kuituma. Alisema hataki kurudi nayo. "Kula wewe, baba," alisema. "Kwa kuwa ndiyo unayoipenda."

Fransisko alifuta mikono kwenye suruali. Akafikiri labda huu ndio mwanzo wa msamaha, na furaha ikamwingia kwa pupa hata akasahau kuogopa. Akapokea kipande, akakitia mdomoni, akakiuma.

Uchungu ulimjaa mdomo mzima, ukashuka mpaka kooni. Hakuwa amewahi kudhani kwamba kitu kinachoitwa chokoleti kinaweza kuwa kichungu hivyo. Siku ile Kunegunda alipokunja uso alidhani ni madoido yake. Akamwona mkewe, asubuhi na jioni, anakunja ule uso na kumeza, asiruke hata siku, kwa sababu aliyetuma ni mwanawe. Machozi yalimkaribia. Akaukaza uso wake kama anavyokaza ubao kwenye jiriwa, akatafuna, akameza, akatabasamu.

"Tamu," alisema. "Tamu vile vile kama zile."

Careen alimega kipande naye akala, na uso wake ukajikunja ule ule mkunjo wa mama yake. Kwa muda walitafuna wote wawili, na nje dereva wa bodaboda alipiga honi akanyamaza.

"Zote nilizotuma zilikuwa za aina hii," Careen alisema mwishowe. "Haina sukari hata chembe, baba. Mimi mwenyewe huwa siimalizi."

Fransisko alichukua patasi, akaangalia makali yake, akairudisha mezani. Aliona ametengeneza kitu kizima kikakaa imara mbele ya ukoo, kumbe kilikuwa na kifundo pale pale alipokitia urembo. Neno moja lisilokuwa na kazi: tamu. Kumbe macho yale ya kule uani hayakuwa ya chuki. Tangu siku ile mtoto alikuwa anajua, au anajua nusu, na siku zote zile za kimya alikuwa peke yake na jambo hilo, anapeleka matonge mdomoni ili baba yake aone anakula.

Alitaka kusema lolote, hata uongo mwingine, lakini Careen alimtangulia. Alikuwa ameinama, anakunja ile karatasi nyeusi vipande vidogo vidogo.

"Baba," aliuliza, "yule kuku mwekundu hakuwa mgonjwa, sivyo?"

Mzee aliinuka kwenye benchi. Magoti yalimuuma, lakini alichuchumaa kwenye maranda mbele ya binti yake, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Alikuwa mgonjwa," alisema Fransisko. "Alikuwa mgonjwa sana, mwanangu. Hata ungefunga banda, angekufa tu."

Ndipo Careen alipomwangukia begani, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini, akimwita mama, mama, sauti ikisikika mpaka barabarani. Fransisko alimshika kichwa kwa mikono yake miwili yenye gundi, akamwacha alie. Dereva wa bodaboda alingoja, kisha akaondoka. Mdomo wa mzee ulikuwa bado mchungu.